Gonga Meza Mara Mbili

Lushoto,
12 Februari 2024

Mjomba Sefania,

Shikamoo. Huku mjini tunaendelea, ila baridi ya mwaka huu imekuja mapema na kikohozi kimenikaa wiki ya pili. Mama yupo Mlalo, mguu wake una nafuu, na amepanda maharage hadi nyuma ya choo. Anakusalimu sana na anauliza kama bado unakula ugali wa jana asubuhi.

Mwanao Aron amenipigia kutoka Tanga. Analalamika kwamba akikupigia unasema haloo mara tatu halafu unakata. Nimemwambia akuandikie. Akacheka, akasema, "Dada Eliza, siku hizi nani anaandika barua?" Nikamwambia, mimi.

Sasa lililonifanya niandike. Nilikueleza Krismasi kwamba nimepata ukarani kwenye mradi unaoitwa Fundi Darasani. Mradi unatafuta mafundi wa kweli wa kufundisha watoto wa darasa la tano na la sita kila Jumamosi. Hawataki michoro ubaoni. Wanataka mtoto ashike msumeno, atengeneze kitu kitakachotumika. Shule ya bondeni, hapo karibu na kwako Mgwashi, haikuwa na fundi. Nilipeleka jina lako, na msimamizi wetu, Bi Jenoveva, amelikubali.

Fomu nimekujazia mwenyewe. Maswali ni mengi na yanachosha, sikutaka kukusumbua nayo. Imebaki sahihi yako tu kwenye ukurasa wa mwisho. Ukishaweka, mpe Salimu wa basi la Bumbuli, yeye ataniletea.

Mjomba, tangu Mama Aron atutoke umekaa na mbao zako peke yako. Nafikiri watoto watakufaa kama utakavyowafaa wao. Tafadhali usikatae.

Mpwa wako,
Eliza

~

Mgwashi,
3 Machi 2024

Mwanangu Eliza,

Marahaba. Kikohozi chemshia tangawizi, usingoje dawa za dukani. Mwambie mama yako ugali wa jana ndio unaonijua, wa leo hatujazoeana.

Sahihi nimeweka, kama ulivyoona. Zile karatasi nyingine sikuzisoma, miwani ilikuwa imefukiwa na unga wa randa. Ila nina swali. Je, waliuliza habari ya masikio? Wewe unayajua. Mashine ya kupasulia mbao iliyala kwa miaka ishirini na saba. La kulia halina kitu. La kushoto lina nafuu kidogo. Kama waliuliza, niambie ulijibu nini, ili tuwe na neno moja.

Nimeanza. Watoto ni kumi na wanne, wasichana sita. Jumamosi ya kwanza sikuwapa kifaa chochote. Niliwapa jiwe la kunolea na patasi butu, nikawaambia hakuna kukata mbao mpaka patasi yako inyoe nywele za mkono. Mwalimu mkuu, Bwana Zuberi, naye alijaribu. Anashika patasi kama anakoroga chai. Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye gogo.

Nimewawekea sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuniita kwa mdomo. Anayenitaka agonge meza ya kazi mara mbili, kwa adabu, kisha angoje niinue macho. Meza ikigongwa naisikia mikononi. Ya pili, aliyekosea kukata asizibe kosa kwa gundi na unga wa mbao, halafu apige msasa ili nisione. Mafundi wengi ndivyo wanavyofanya, na mlango unakuja kuachia mwaka wa pili mwenye nyumba akiwa ameshasahau jina lako. Aliyekosea aniletee nione, tukate upya.

Nakuambia kweli, naingoja Jumamosi.

Mjomba wako,
Sefania

~

Lushoto,
21 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, tangawizi imefanya kazi. Mama amekuja mjini kwa siku mbili, amenifulia hata nguo zilizokuwa safi.

Nimefurahi mno kwa barua yako. Ripoti ya kwanza ya Mwalimu Zuberi imefika, na mimi ndiye niliyeichapa. Ameandika kwamba karakana yako ina nidhamu ambayo hajaiona kwingine, watoto hawapigi kelele, hata kumwita fundi wanagonga meza kwa utaratibu. Anasema ameanza kuutumia utaratibu huo darasani kwake. Bi Jenoveva aliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, akaniangalia na kusema, "Eliza, umetuletea mtu." Sijawahi kusifiwa hivyo tangu nimalize chuo.

Mkataba wangu ni wa majaribio mpaka Septemba. Wakiridhika nami watanipa wa kudumu. Kwa hiyo unaona mjomba, kazi yako inanibeba na mimi.

Zege limeanza kumwagwa kwenye barabara ya huku kwetu. Mvua ikikaza sijui Salimu atapita wapi, basi barua zikichelewa usihangaike.

Wako,
Eliza

~

Mgwashi,
28 Aprili 2024

Mwanangu Eliza,

Marahaba. Mvua imekata barabara mara mbili, barua yako ilikaa kwa Salimu wiki tatu na ilinifikia ina harufu ya vitunguu. Mimi mzima. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweupe.

Sasa tunatengeneza kitu chenyewe. Darasa la kwanza pale shuleni lina madirisha manne yasiyo na kitu, matundu matupu. Ukungu ukipanda kutoka bondeni unaingia mpaka ndani, watoto wadogo wanaandika huku wameficha mkono mmoja kwapani. Wanangu wameamua wenyewe, tutengeneze madirisha ya mbao manne. Mbao za msindano nimezipata Shume. Hatutumii misumari kwenye pembe. Ulimi wa mbao uingie kwenye tundu lake, gundi, kisha tunabana.

Yupo mmoja anaitwa Hidaya, mjukuu wa Bi Mwanaidi anayeuza kabichi sokoni. Ana miaka kumi na miwili. Jumamosi moja alikata ulimi mfupi, akauleta mbele yangu, akagonga meza mara mbili, akaushika juu kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Wenzake wakamzomea. Yeye akasema, nilimsoma mdomoni, "Kelele nyie, makosa yenu mmeyaficha chini ya benchi." Niliinama nikachungulia. Kweli, yalikuwapo matatu.

Watoto waliniuliza kwa nini naandikiwa barua kama mtu wa zamani. Nikawaambia mpwa wangu anajua simu hainifai. Nikawasomea kipande cha salamu zako. Sasa kila Jumamosi Hidaya ananiuliza, "Dada Eliza ameandika?"

Hukunijibu la masikio. Labda karatasi ilikuwa fupi.

Sefania

~

Lushoto,
20 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Leo asubuhi nimefungua bahasha ya Mwalimu Zuberi kama ninavyofungua bahasha zote. Imeandikwa kwamba Jumamosi tarehe 11 mwanafunzi Hidaya amebanwa vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye jiliwa, lile koleo kubwa la chuma la kubania mbao, na kwamba hospitali wamekata pingili ya juu ya kidole kimoja. Imeandikwa kwamba fundi ndiye aliyekuwa akikaza.

Nimeisoma nikiwa nimesimama na nimeshindwa kukaa.

Mbona hukuniandikia? Siku tisa zimepita. Barua imeandikwa, "uchunguzi unaendelea," na Bi Jenoveva ameniagiza nimtolee faili lako. Nimemwambia ufunguo wa kabati unasumbua. Hausumbui. Naomba uniandikie leo hii ilikuwaje, na nani alikuwepo, na watoto wanasema nini. Na wewe je, u mzima? Unakula?

Eliza

~

Lushoto,
10 Juni 2024

Mjomba Sefania,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila jibu. Salimu ananiapia kwamba ile ya kwanza alikupa mkononi ukiwa umekaa mlangoni, na kwamba uliitia mfukoni bila kuifungua.

Mama anauliza habari zako na mimi namdanganya kwamba umeandika. Aron hajui lolote. Faili nimelitoa, sikuwa na namna. Lipo mezani kwa Bi Jenoveva, bado hajalifungua, ana wageni kutoka makao makuu. Kila akisimama natazama kama limehama.

Kama umenikasirikia, niandikie kwamba umenikasirikia.

Eliza

~

Mgwashi,
23 Juni 2024

Eliza,

Nipo. Nakula.

Karakana imefungwa, Mwalimu Zuberi amechukua funguo. Madirisha mawili yamekamilika, mawili bado. Yote yameegeshwa ukutani ndani, na ukungu unaingia darasa la kwanza kama kawaida.

Kwa Bi Mwanaidi sijaenda. Nilifika mpaka kwenye mgomba wa kwanza wa shamba lake, nikarudi.

Sefania

~

Lushoto,
4 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima, anavuna. Nimemwambia ukweli kuhusu mtoto, amelia, kisha amesema nikuulize unalala saa ngapi.

Nimeandika mwanzo wa barua hii mara tano. Nitaandika sasa bila kuisoma tena.

Uliniuliza mara mbili kama fomu iliuliza habari ya masikio, na mara mbili nilikaa kimya. Iliuliza. Ukurasa wa pili, swali la tisa: "Je, fundi ana upungufu wowote wa kuona au kusikia?" Niliandika "Hapana." Kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilijua. Mtu ambaye nimemwandikia barua miaka minne kwa sababu hasikii simu, nilimwandikia "Hapana." Nilijiambia sikio la kushoto linatosha. Nilijiambia wakikukataa utamalizika pale nyumbani peke yako. Yote hayo ni kweli, lakini pia nilitaka nionekane karani aliyeleta fundi mzuri.

Bi Jenoveva amesoma faili. Jana aliniita, akafunga mlango.

"Eliza, huyu ni mjomba wako?"

"Ndiyo, kaka yake mama."

"Watoto wamemwambia Mwalimu Zuberi kwamba fundi hasikii kabisa. Kwamba ndiyo maana ya kugonga meza. Mwalimu wa watu alidhani ni nidhamu, amewagongesha meza darasa zima muhula mzima."

Kisha akaniuliza:

"Wewe ulijua?"

Nikasema, "Nilijua anasikia kwa shida kidogo." Kidogo. Nilisema hivyo, mjomba, huku naangalia kalenda nyuma ya kichwa chake.

Kamati itakaa Alhamisi tarehe 18. Wewe utatakiwa kuandika maelezo kwa kuwa hutaweza kusikiliza maswali. Naogopa. Nikisema nilijua, kazi imekwisha, na hakuna ofisi nyingine itakayonichukua wakisikia nimedanganya kwenye fomu inayohusu watoto. Nisiposema, nitakuwa nimekuacha wewe peke yako mbele yao. Niambie nifanye nini. Na niambie ilikuwaje. Hujaniambia mpaka leo.

Eliza

~

Mgwashi,
14 Julai 2024

Mwanangu Eliza,

Marahaba. Mwambie mama yako nalala mapema, kuamka ndiko kunakochelewa.

Unataka kujua ilikuwaje. Tulikuwa tunabana pembe ya dirisha la tatu. Gundi ikiwa mbichi fremu huteleza, lazima mtu aishike. Hidaya aliishika kwa mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Nilimwambia, "Usiachie mpaka nikuambie." Mimi nikashika mpini wa jiliwa nikaanza kukaza. Nilifumba jicho moja, nikalaza kichwa kutazama kama fremu imenyooka. Kwa hiyo sikuuona uso wake. Vidole vyake vya chini vilikuwa vimeingia kati ya mbao na chuma. Alipiga kelele, wenzake wakapiga kelele, wote kumi na wanne, wameniambia baadaye. Mimi nikaongeza nusu mzunguko.

Hakugonga meza kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umebanwa, na ule wa pili nilikuwa nimemwambia asiachie. Hakuachia.

Aliyegonga ni Glory, mtoto wa Kristofa. Aligonga mara mbili, kwa adabu, kama nilivyowafundisha. Ndipo nikainua macho.

Na mimi nina langu ambalo sikukuambia. Sikio la kushoto liliniacha tangu Desemba, kabla ya fomu yako. Kengele ya kanisa ilikuwa inanifikia, siku moja haikunifikia, nikadhani wamebadilisha saa ya ibada. Nilikuandikia kwamba lina nafuu kwa sababu nilizitaka hizo Jumamosi. Basi uongo wako ulikuwa umesimama juu ya wangu.

Sasa sikiliza. Maelezo yangu nimeshayaandika, yapo kwenye bahasha hii hii. Nimesema nilikuficha hata wewe. Nimesema ulikuwa unaniandikia barua kwa mapenzi ya kizamani tu. Mimi ni mzee, hawana cha kunichukua. Wewe una kazi ya kuanza nayo maisha. Wapelekee hiyo, kaa kimya, na barua zangu zote zichome jikoni. Za kwako nitachoma mimi.

Usibishane nami. Ni mara ya kwanza naagiza.

Sefania

~

Lushoto,
22 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Kamati ilikaa. Walikuwepo Bi Jenoveva, Mwalimu Zuberi, mwakilishi wa wazazi, na mgeni mmoja kutoka makao makuu ambaye hakusema jina lake. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu. Walipofika kwenye maelezo yako, Bi Jenoveva alisema mwandiko unamshinda, akanisogezea karatasi. "Tusomee, Eliza."

Nilisoma kwa sauti yangu mwenyewe. "Mpwa wangu hakujua. Nilimficha." Nilisoma vizuri, nikapumzika penye nukta, kama tulivyofundishwa shuleni. Nilipomaliza nilikaa. Mgeni akasema, "Pole sana binti, kudanganywa na mtu wa damu yako." Nikasema, "Ahsante."

Nilisema ahsante, mjomba.

Uamuzi ni kwamba usikanyage tena karakana yoyote ya mradi, na shule ya bondeni imeondolewa mwaka huu. Zana zitakusanywa na gari. Mwalimu Zuberi aliuliza, "Na madirisha?" Hakujibiwa. Niliandika swali lake kwenye kumbukumbu, na mbele yake nikaacha nafasi.

Jioni nilichukua barua zako nikaenda nazo jikoni. Nimerudi nazo. Zipo chini ya godoro.

Eliza

~

Mgwashi,
25 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Yule mbuzi mweupe amekufa, wa pili anaendelea. Umefanya nilivyokuagiza, basi usijitafune.

Lakini lipo jambo limetokea na lazima nilieleze, ingawa nimekaa nalo wiki mbili.

Nilikwenda kwa Bi Mwanaidi. Safari hii nilipita mgomba wa kwanza na wa pili. Alikuwa anafunga kabichi kwenye viroba. Hakunikaribisha kiti, nami sikukitafuta. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kusema kwamba mkono wa mjukuu wako niliuharibu mimi. Akaacha kufunga viroba, akanitazama. Ni mtu wa makamo yangu, anajua kusema na kiziwi, anafungua mdomo taratibu. Akasema, "Miezi mitatu, Sefania. Kutoka kwako mpaka hapa ni mteremko mmoja."

Nikasema, "Kweli."

"Nani alikupeleka kwa watoto wetu wakati husikii?"

Nikasema, "Nilijipeleka mwenyewe. Hata mpwa wangu nilimdanganya."

Hidaya alikuwa kwenye kibaraza anamenya viazi. Kidole kimepona, kimebaki kifupi, na anakishikilia pembeni kidogo kama mtu anayeshika kikombe cha moto. Sikumwona alipoinuka. Mbele yangu palikuwa na meza ndogo ya mizani, nilikuwa nimeiwekea mkono. Nikaisikia imegongwa, mara mbili.

Nikainua macho. Alikuwa amesimama sawasawa mbele yangu ili nimsome. Akasema, "Fundi, si ulituambia Dada Eliza anakuandikia kwa sababu anajua husikii simu? Ulitusomea na barua."

Nikaondoa mkono mezani. Akasema, "Hiyo ni gundi na unga wa mbao."

Bibi yake hakuelewa, akauliza gundi gani. Mimi nilielewa. Wale watoto wote kumi na wanne wanajua, Eliza. Wamesikia kamati imesema nini, kijiji hakina siri. Wamekaa wanatungoja, kuona kama ile sheria ya kutoziba kosa ilikuwa yao peke yao.

Bi Mwanaidi alinipa kiti baadaye. Aliniambia, "Sijakusamehe, nimechoka tu kukuona umesimama." Kisha akasema madirisha yamalizwe, maana mjukuu wake mdogo anaingia darasa la kwanza Januari. Ila akasema lazima asimame mtu anayesikia. Mwalimu Zuberi anasema karakana ni mali ya shule, na wazazi wakikubali kwa maandishi yeye atafungua, mradi uwepo au usiwepo. Zana nitaleta zangu. Wazazi tisa wamekubali. Watano wamekataa, na wana haki.

Sikuagizi kitu. Safari iliyopita niliagiza, ukaona.

Barua zako sikuchoma. Nilizitia kwenye sanduku la patasi.

Mjomba wako,
Sefania

~

Lushoto,
12 Septemba 2024

Mjomba Sefania,

Shikamoo. Mama ni mzima, anasema mbuzi aliyebaki umpe jina, huenda ndiyo maana wengine wanakufa. Aron anakuja Krismasi. Nimemweleza yote, safari hii hakucheka.

Barua yako niliisoma Ijumaa. Jumamosi na Jumapili sikutoka ndani. Jumatatu nilifika ofisini saa moja na nusu, kabla ya wengine, kwa sababu nilijua nikimwona mtu yeyote wa kunisalimu nitarudi nyuma. Nilikaa mezani kwangu na barua zako kwenye bahasha ya kaki. Bi Jenoveva alipoingia, nilimfuata kabla hajaweka mkoba chini.

"Kuna nini, Eliza? Mbona umekuwa hivyo?"

Nikamfungulia faili lako ukurasa wa pili, nikaweka kidole kwenye swali la tisa. Nikasema, "Huu mwandiko ni wangu. Nilijua, na si kidogo." Nikampa bahasha. "Na hizi ndizo zinazoonyesha kwamba nilijua."

Alisoma zote nikiwa nimesimama. Mara moja tu alicheka kidogo, nadhani ni pale penye chai ya Mwalimu Zuberi. Kisha hakucheka tena. Alipomaliza alizipanga kwa tarehe, akavua miwani. "Ulisoma yale maelezo mbele yangu. Nilikuonea huruma siku nzima." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Mkataba wangu hautaendelea. Nimeandika barua kwa kamati kusahihisha kumbukumbu za tarehe 18 Julai, yeye ameigonga muhuri na kuituma. Ameniambia nisimwombe barua ya kunitambulisha kwa mwajiri mwingine, na sikumwomba. Barua zako amebaki nazo kwenye faili. Kwako hakuna kilichobadilika, mradi haukurudishi. Nilitaka ujue hilo, usije ukadhani nimekuletea kitu kizuri.

Mama anasema nirudi Mlalo nikapalilie. Huenda nikaenda. Sijui nitafanya nini mwakani, basi nafikiri mpaka Jumamosi tu.

Jumamosi tarehe 21 nitapanda basi la Salimu. Nimeandika hati ya wazazi upya, kwa kalamu ya bluu ile ile. Mstari wa kwanza unasema: "Fundi hasikii kabisa. Atasimama naye Eliza, mpwa wake, anayesikia, na ambaye aliwahi kuficha jambo hili." Bi Mwanaidi asomewe kwanza. Akikataa nisimame pale, nitarudi na basi la mchana, sitaomba mara ya pili. Hidaya sijui kama atataka kunitazama. Usimlazimishe anisalimu.

Wakinikubali, nitakaa upande wa jiliwa, mkono wangu ukiwa juu ya mpini wako, na hutakaza mpaka niwe nimetazama vidole vya kila mtoto.

Utakuwa umeshafika kabla yangu, najua, na utakuwa umeinamia mbao, mgongo mlangoni. Usihangaike kugeuka kila mara kunitazamia. Nikiingia sitakuita. Nitagonga meza mara mbili na kungoja uinue macho.

Mpwa wako,
Eliza